Vazi Lenye Majina Matatu: Historia ya Usanifu na Utamaduni wa Vitu katika Masomo ya Uzamili Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mwanafunzi wa uzamili au uzamivu jijini Kampala anavyoweza kuvitafiti vitu vya kila siku kama historia ya usanifu. Yanadai kwamba kitu chenyewe na majina yake vinywani mwa mafundi na watumiaji ni ushahidi mmoja, na kwamba tasnifu inayoyaacha majina hayo nje hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Mfano mkuu ni gomesi, vazi la wanawake wa Buganda. Mifano mingine ni lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mtuba, na vitu vya Makumbusho ya Uganda. Aidha, yanajadiliwa maneno machache ya Kiswahili yanayohitajika katika taaluma hii, pamoja na nafasi ya Kiswahili katika utafiti ambao lugha yake ya uwandani ni Kiganda.

Utangulizi

Katika vichochoro vya Kiyembe, katikati ya jiji la Kampala, wauzaji wa vitambaa na mafundi cherehani wamekaa bega kwa bega. Mama anayejiandaa kwa sherehe ya kwanjula, ambapo binti humtambulisha mchumba wake kwa wazazi, huja na kitambaa chake, kiasi cha mita sita, akamweleza fundi namna anavyotaka mabega yasimame. Fundi hachori mchoro. Hupima, hukunja, hukata, na kabla ya siku ya sherehe gomesi huwa tayari. Ukimwuliza ni nani aliyelisanifu vazi hilo, atakutazama kama mtu aliyeulizwa ni nani aliyebuni matoke.

Miaka michache iliyopita nilimsimamia mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kuandika juu ya vazi hilo. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na mbili za nadharia zilizoandikwa Ulaya na Marekani, kisha sentensi moja kuhusu gomesi yenyewe: kwamba ni vazi la jadi la wanawake wa Buganda. Sentensi hiyo ilinisumbua kuliko kurasa zote zilizoitangulia, kwani vazi analoliita la jadi ni changa kuliko reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901. Si kwamba mwanafunzi alikuwa mvivu. Alikuwa amefundishwa kusoma vitabu, na vizuri, lakini hakuna aliyemfundisha kusoma nguo.

Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kuisoma nguo, au kitu kingine chochote, kwa kiwango cha tasnifu. Nayatoa mbele ya hadhira ya wanataaluma wa Kiswahili kwa sababu ambayo itadhihirika tutakapofika kwenye majina.

Taaluma yenyewe na milango yake Kampala

Historia ya usanifu ni taaluma changa. Nchini Uingereza, chama cha wanahistoria wa usanifu kiliundwa mwaka 1977, na mwaka 1982 Royal College of Art na Makumbusho ya Victoria and Albert za London zilianzisha kwa pamoja shahada ya uzamili katika fani hiyo. Utamaduni wa vitu umetokea upande mwingine, yaani kwa wanaanthropolojia na wanaakiolojia. Kwa maelezo mafupi, mwanahistoria wa usanifu huuliza ni nani aliyeamua kitu kiwe na umbo hili, kwa malighafi ipi na kwa sababu gani. Mtafiti wa utamaduni wa vitu huuliza watu walikifanyia nini kitu hicho kilipokwisha kutoka mkononi mwa fundi. Mjini London mipaka hiyo miwili huweza kulindwa. Kiyembe haiwezekani, kwa kuwa mvaaji na fundi huamua umbo kwa pamoja, wakibishana, kitambaa kikiwa mezani.

Nyenzo mbili za taaluma hii zinamfaa mwanafunzi wetu hata akiacha nyingine zote. Ya kwanza ni ya Jules Prown, Mmarekani aliyependekeza mwaka 1982 kwamba mtafiti aanze kwa kukieleza kitu kama kilivyo, kisha afikirie kinavyotumika na kuhisiwa, na mwisho kabisa ndipo adhanie maana yake. Ya pili ni ya Igor Kopytoff, katika kitabu kilichohaririwa na Arjun Appadurai mwaka 1986. Kopytoff alisema kwamba kitu kina wasifu kama mtu: huzaliwa, huuzwa, hutunukiwa, huzeeka, na pengine hubadilika hadhi njiani. Mwanafunzi wangu aliwataja wote wawili. Alichosahau ni kwamba hatua ya kwanza ya Prown ni maelezo, na maelezo huhitaji maneno.

Kampala ina milango kadhaa ya kuingilia taaluma hii. Mlango wa zamani zaidi ni Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908. Wa pili ni Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na shule iliyokua kutokana na madarasa hayo ina jina lake hadi leo. Kyambogo na Nkumba nazo hufundisha sanaa na usanifu. Trowell, ambaye pia aliwahi kuwa mhifadhi wa makumbusho katika miaka ya 1940, alichapisha pamoja na Klaus Wachsmann kitabu Tribal Crafts of Uganda mwaka 1953. Kwa wengi wetu kitabu hicho bado ni cha kwanza kufunguliwa, kwa kuwa kinaonyesha kwa uangalifu jinsi vitu vilivyotengenezwa. Udhaifu wake umo katika jina lake: vitu vimepangwa kwa makabila, kana kwamba kabila ndilo lililoketi chini likasuka mkeka.

Tasnifu mbili za uzamivu zimeubadili mtazamo huo. George Kyeyune aliandika juu ya sanaa ya Uganda ya karne ya 20 katika SOAS, London. Venny Nakazibwe aliikamilisha tasnifu yake juu ya lubugo ya Baganda katika Chuo Kikuu cha Middlesex mwaka 2005, akiifuatilia tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 21. Wote wawili ni walimu wa Makerere, na wote wawili walilazimika kupanda ndege kwenda Uingereza ili wapewe shahada ya kuisoma Kampala. Silisemi hili kwa kulalamika. Nalisema kwa sababu kizazi cha sasa kinaweza kuianza kazi hiyo hapahapa, na pengine kwa lugha nyingine.

Usanifu au ubunifu?

Kabla ya kurudi kwenye gomesi, inafaa tukubaliane kuhusu neno moja. Vyombo vya habari vya Kiswahili humwita mtu anayebuni mitindo ya nguo mbunifu wa mavazi, na wengi wangependa taaluma hii iitwe historia ya ubunifu. Nina shaka na pendekezo hilo. Kubuni ni kuwaza jambo ambalo halikuwapo. Neno hilo humweka mbele mtu mmoja na wazo lake, na humfanya mtafiti amtafute mtu huyo hata pale ambapo hayupo.

Kusanifu kuna maana pana zaidi. Mtu husanifu anapotunga au kutengeneza kitu kwa ustadi, na ndiyo maana tuna msanifu majengo. Lakini hadhira hii inajua pia kwamba lugha iliyopangwa na kukubaliwa na wengi huitwa lugha sanifu. Neno moja linabeba mambo mawili: ustadi wa anayetengeneza na makubaliano ya wanaotumia. Sijui taaluma nyingi zilizobahatika kupata neno linaloifahamu mada yake kiasi hicho. Gomesi, kama tutakavyoona, haikubuniwa na mtu mmoja ikaisha. Ilisanifiwa: fundi aliongeza kitu, wavaaji wakakubali na kukataa, na baada ya muda umbo likatulia.

Kuhusu utamaduni wa vitu, ningeepuka kusema utamaduni wa mali, kwa sababu mali huleta fikra ya utajiri, na kijiko cha mti nacho ni kitu.

Gomesi

Vazi lenyewe linaelezeka hivi. Shingo ni ya mraba. Upande wa kushoto wa shingo kuna vifungo viwili. Mikono ni mifupi, na mabega yamenyanyuliwa hadi kuwa na ncha. Kutoka kifuani kwenda chini ni kitambaa kipana kinachofika nyayoni, ambacho mvaaji hukikunja mbele na kukifunga mshipi mpana chini ya kiuno, juu ya nyonga. Ikiwa kitambaa ni cha hariri, ndani yake hufungwa kitambaa kingine ili hariri isigande mwilini. Kitambaa hicho cha ndani huitwa kikooyi.

Mwanafunzi akikomea hapo tayari ameona jambo muhimu, kwamba vazi hili ni nusu mbili. Nusu ya juu imekatwa na kushonwa kwa mkono wa fundi cherehani. Nusu ya chini ingali kitambaa cha kujifunga, kisichosimama bila mshipi. Mshono unaoziunganisha hizo nusu mbili ndio mahali pa kuanzia historia.

Kabla ya nguo za pamba, Baganda walivaa lubugo. Wanaume na wanawake waliivaa kwa kujitanda, ila wanawake walifunga mshipi kiunoni. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika jumba la Kabaka Suuna. Ahmed bin Ibrahim hutajwa kuwa alifika mwaka 1844. Walileta kanzu, ambayo wanaume wa Buganda waliichukua wakaifanya yao, na walileta vitambaa, kikiwamo kile cha pamba kisichopaushwa kilichotoka viwanda vya Marekani kupitia Zanzibar, ambacho watu wa pwani walikiita merikani. Wanawake wakaanza kujifunga kitambaa cha pamba chini ya makwapa kama walivyojifunga lubugo. Kwa Kiganda kitambaa hicho kiliitwa essuuka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba hiyo ni shuka.

Mwaka 1905 wamisionari wa Kanisa la Anglikana walifungua shule ya wasichana Gayaza, kaskazini mwa Kampala. Husimuliwa kwamba walimu waliona shuka inawasumbua wasichana, hasa wakati wa kulima na kufanya kazi za mikono, kwa kuwa ilifunguka. Wakamwendea fundi cherehani Mgoa aliyeitwa Gomes awaongezee kipande cha juu cha kushikia mabegani. Majina ya kwanza ya fundi huyo si yaleyale katika kila simulizi, na mwanafunzi makini ataziweka simulizi hizo kando kwa kando badala ya kuchagua ile inayompendeza. Jina la ukoo halibadiliki. Gomes ni jina la Kireno, na Goa ilitawaliwa na Wareno hadi mwaka 1961. Basi vazi ambalo mwanafunzi wangu aliliita la jadi la Buganda lina jina la ukoo la Kireno, lililopitia India, likafika Kampala pamoja na cherehani, na kuongezewa irabu mwishoni ili Mganda aweze kulitamka.

Jina la pili ni bodingi. Ni neno la Kiingereza la shule ya bweni, nalo limeongezewa irabu kwa njia ileile. Jina hili linatuambia vazi lilikotokea kijamii: lilikuwa sare ya wasichana wachache waliosoma. Jina la tatu, busuuti, ndilo linalosikika zaidi wakati wa sherehe. Inasimuliwa kwamba vazi lilitoka shuleni likaingia katika hadhi ya kifalme mwaka 1914, Irene Drusilla Namaganda alipoolewa na Kabaka Daudi Chwa. Tangu hapo halikuwa tena sare ya shule.

Turudi kwa kikooyi. Pwani, kikoi ni vazi la mwanamume, linalofungwa kiunoni na kuonekana. Kampala ni kitambaa cha mwanamke, nacho hufichwa. Neno limesafiri zaidi ya kilomita elfu moja, likabadili jinsia na likaingia ndani ya nguo nyingine, bila mtu yeyote kuandika waraka kulihusu. Kitu pekee kinachoiweka kumbukumbu ya safari hiyo ni neno lenyewe na mkono wa mwanamke anayelifunga asubuhi ya harusi.

Ndiyo maana nadai kwamba majina si mapambo ya tasnifu. Essuuka, gomesi, bodingi na kikooyi ni maneno manne juu ya mwili mmoja, na kila moja linaonyesha mlango tofauti: msafara wa pwani, fundi wa Goa, shule ya misheni, na tena pwani. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza kwamba vazi lina “nguo ya ndani” na “kitambaa cha kujitanda” amesema kweli, lakini ameifunga milango yote.

Kuna sababu nyingine ya kuyashikilia maneno. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Anayetafuta leo daftari za maduka ya nguo ya kabla ya mwaka huo ajue kwamba anatafuta karatasi za watu walioruhusiwa kuondoka na mizigo michache mno. Nguo zilibaki kabatini kwa wenyewe. Gomesi ya bibi iliyoshonwa miaka ya 1950, ikilazwa mezani na kutazamwa upande wa ndani, huonyesha aina ya uzi, bitana ya bega, alama ya kiwanda kwenye ukingo wa kitambaa, na mahali ilipotiwa kiraka. Kwa historia ya ushonaji Kampala, hiyo nayo ni nyaraka.

Lubugo na kitenzi chake

Tukija kwenye lubugo, suala la lugha linakuwa gumu zaidi, kwani hapa kinachopotea ni kitenzi.

Gome la mtuba huvunwa msimu wa mvua. Shina lililobanduliwa hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na mti huotesha gome jipya. Gome huparuzwa na kulainishwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, ukianzia nyundo ya mifereji mipana hadi ya mifereji myembamba, mpaka gome lipanuke na kuwa kitambaa laini cha rangi ya udongo mwekundu. Kazi hufanyika chini ya banda lisilo na kuta, jua lisije likalikausha gome kabla ya wakati. Lubugo za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi. Ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji, ndio wenye jukumu la kurithishana kazi hii. UNESCO iliitangaza kuwa urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake ya uwakilishi.

Kitenzi cha Kiganda cha kazi hiyo ni kukomaga, na fundi wake ni omukomazi. Mwanafunzi wangu, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amepanua mada yake ili gomesi itanguliwe na lubugo, alikwenda Mpigi kumtembelea mzee mmoja wa kazi hiyo. Alirudi na picha nyingi na rekodi za saa tatu. Miezi minne baadaye alimpelekea sura aliyoiandika, kama adabu ya utafiti inavyotaka. Sura ilikuwa ya Kiingereza, kwa kuwa vyuo vyetu hutaka hivyo, na mzee hakusoma Kiingereza. Akamwomba amsomee kwa Kiganda. Akawa anatafsiri papo kwa papo, na kila palipoandikwa kwamba gome “linachakatwa” alitafuta neno la jumla la kutengeneza. Mzee alisikiliza kwa subira, kisha akamwuliza, “Mwanangu, huyu unayemsoma ni nani? Mimi sitengenezi. Mimi nakomaga.”

Swali hilo si la ushairi. Kutengeneza hakusemi kwamba kitu kinapigwa, hakusemi mdundo, wala hakusemi kwamba ukubwa wa kitambaa unatoka ndani ya gome lenyewe bila kusokota uzi wala kufuma. Kifundi, tofauti kati ya kufuma na kukomaga ndiyo inayoitenga lubugo na nguo zote zilizoletwa na misafara. Neno likipotea, tofauti hiyo ya kiusanifu hupotea pia, na tasnifu hugeuka kuwa maelezo ya kitambaa cha kahawia. Napendekeza Kiswahili kilikope neno hili lilivyo: kukomaga, mkomazi, wakomazi. Linakubaliana na sarufi yetu bila shida yoyote.

Makumbusho na majina yasiyoandikwa

Makumbusho ya Uganda yalipoanza katika Ngome ya Lugard, Kampala ya Kale, wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya hirizi. Waliona kilichokuwa ndani: vitu vyenye nguvu, vilivyochukuliwa kutoka kwa wenyewe. Jengo la sasa la Kamwokya, lililosanifiwa na Ernst May, lilifunguliwa mwaka 1954. Lakini vitu vingi vilikwisha kutoka nchini. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929 kiko British Museum hadi leo. Vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, vilivyochukuliwa na mmisionari John Roscoe, vilikaa Cambridge hadi viliporudishwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mwezi Juni 2024 Cambridge ilileta vitu vingine 39, kwa mkataba wa miaka mitatu unaoweza kurefushwa.

Magazeti yaliandika kwamba vimeletwa kwa mkopo. Kwa Kiswahili sahihi hapo pana kuazimana, si kukopa, kwa kuwa anayekopa hurejesha thamani ilhali anayeazima hurejesha kitu kilekile. Kwa hiyo Kampala imeazimwa vitu vya Uganda. Sina la kuongeza hapo.

Kwa mwanafunzi wa uzamili, vitu hivyo ni nafasi ambayo muda wake una kikomo. Kumbukumbu za makusanyo ya zama za ukoloni kwa kawaida hutaja mkusanyaji, mahali na mwaka, na mara chache sana humtaja aliyekitengeneza kitu au neno alilokiitia. Kuna kazi ya tasnifu nzima katika kukichukua kitu kimoja tu kati ya hivyo, kukieleza kwa hatua za Prown, kisha kwenda na picha yake kwa wenye ujuzi na kuuliza jina la kila sehemu: mshikio, ukingo, fundo, rangi. Nawashauri wanafunzi wachague kitu kidogo. Anayechagua ngoma ya kifalme huishia kuandika juu ya wafalme.

Uharaka huu si wa kubuni. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba la Muzibu Azaala Mpanga, kaburi la makabaka wanne huko Kasubi, liliteketea. Lilikuwa limeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kulijenga upya kulitegemea picha na vipimo, lakini pia mikono ya waezekaji wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega, ambao ndio wenye jukumu la kuliezeka. Eneo hilo liliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Mwezi Septemba 2020 Jengo Kuu la Makerere nalo liliungua. Wanaodhani nyasi huungua na karatasi hudumu wakumbuke tarehe hizo mbili pamoja.

Kwa nini Kiswahili, Kampala?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni la haki. Lugha ya mkomazi ni Kiganda. Lugha ya chuo ni Kiingereza. Tena Kiswahili nchini Uganda kina kumbukumbu zake chungu: watu wengi wa umri wangu walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lugha hii, lakini hakuna anayekipenda kitu kwa sababu kimetangazwa.

Jibu langu linatokana na vitu. Mwanafunzi wa Kampala anayetafiti kikooyi atahitaji kumwuliza mfumaji wa Mombasa na muuzaji wa Zanzibar. Anayetafiti kanzu atahitaji kufika hukohuko, na pengine Muscat. Anayekwenda Katwe kuwatazama mafundi wanaofua sigiri za mkaa kutokana na mabati chakavu anatumia tayari neno la Kiswahili, na akitaka kulinganisha umbo la sigiri hizo na jiko la Nairobi hatalinganisha kwa Kiganda. Kiswahili hakichukui nafasi ya Kiganda kwenye banda la mkomazi. Kinafaa pale vitu vilipopita, na vitu vilipita katika njia za misafara ambazo Kiswahili kilipita pia.

Kwa vitendo, nimekuwa nikiwataka wanafunzi wangu waambatishe kwenye tasnifu orodha ya majina ya sehemu za kitu na vitenzi vya kazi, kwa lugha ya fundi kwanza, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Pale ambapo Kiswahili hakina neno, waache nafasi tupu wasitunge. Nafasi hizo tupu ni ushahidi pia, na zitawafaa wanaistilahi waliomo katika hadhira hii kuliko maneno ya kubahatisha.

Mwanafunzi wangu alirudi Mpigi mara ya tatu, safari hii na kurasa mbili za Kiganda na orodha ya vitenzi. Mzee alivaa miwani, akasoma mwenyewe, akaomba kalamu. Alisahihisha mpangilio wa nyundo, akafuta neno moja na kuandika jingine juu yake, na pembeni akaandika jina la baba yake, ambaye ndiye aliyemfundisha. Kurasa hizo mbili, pamoja na wino wa mzee, sasa ni kiambatisho cha pili cha tasnifu hiyo.